Sahani ya Idi kwa jirani: jibu langu la zamani nalirekebisha

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wazazi wenzangu, ndugu zangu na wanafunzi wetu, baada ya kumshukuru Allah (SW) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (SAW), leo nataka kurudia jambo ambalo nimelisemea darasani kwa miaka mingi, na sasa naona nililisema kwa haraka. Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, hapa Buyenzi mama wawili watatu hunisimamisha mlangoni mwa madrasa na swali lile lile. Ustadh, jirani yetu si Mwislamu, tumpelekee sahani ya Idi au tuache? Na Noeli ikifika akituletea ya kwake, watoto wale au wasile?

Jibu langu lilikuwa fupi. Nilikuwa nasema: mpeleke ukipenda, lakini chakula cha sikukuu yao msikile, ni haramu, mtupe. Basi. Sikueleza zaidi kwa sababu darasa lina watoto sitini, saa ya Alasiri imekaribia, na jibu fupi mtoto hulishika haraka. Alilishika kweli mmoja wao, na akaenda nalo mbali kuliko nilivyofikiria.

Kijana huyo, ambaye sitamtaja jina, alihitimisha juzuu kumi kwangu, akamaliza sekondari vizuri, na mwaka 2023 akaenda kusoma chuo kikuu Mauritius. Alipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya bibi mmoja Mhindu, mjane, kule Rose Hill. Bibi anazungumza Krioli na Kifaransa, kijana ana Kifaransa chake cha shuleni, wakaelewana. Novemba mwaka ule ikaja Divali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Jioni bibi akamgongea mlango, akampa sahani imefunikwa kitambaa. Ndani yake vitafunio vya viazi vitamu: viazi vinapondwa, vinakandwa na unga, vinatiwa nazi na sukari katikati, vinakunjwa nusu mwezi na kukaangwa. Kijana akapokea kwa adabu, akashukuru. Bibi alipoondoka akakumbuka neno la ustadh wake, akavitia vyote katika mfuko na kuvipeleka kwenye pipa la taka la nyumba.

Asubuhi bibi alikwenda kutupa maganda. Akafungua lile pipa.

Hakusema neno. Kijana alimwona kupitia dirishani, alisimama kidogo, akatupa maganda yake juu ya vile vitafunio, akafunika. Siku zilizofuata aliendelea kumsalimia kama kawaida. Hilo ndilo lililomsumbua kijana, akanipigia simu kwa WhatsApp, na mimi nikiwa na haraka tena nikamwambia: umefanya sawa mwanangu, dini haina haya. Neno hilo nalijutia, na ndiyo sababu ya makala hii.

Sasa nieleze kidogo hiyo nchi, kwa sababu wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Mauritius ni kisiwa kidogo mashariki ya Madagaska. Hakikuwa na wenyeji. Watu wote waliopo walifikishwa au walijifikisha. Wafaransa walileta watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii ya Kiswahili, Kilwa ikiwemo, kwa hiyo wako kule watu ambao mababu zao huenda walitembezwa kwa miguu kutoka bara hadi majahazini. Waingereza walipokuja na utumwa ukapigwa marufuku mwaka 1835, mashamba ya miwa yakahitaji mikono mingine, wakaleta vibarua wa mkataba kutoka India. Karibu nusu milioni walipitia ile gati ya Port Louis iitwayo Aapravasi Ghat, kati ya 1834 na 1920. Wengi walikuwa Wahindu, na Waislamu wakiwemo. Lakini Uislamu ulikwishatangulia, kwani mabaharia wa Kihindi Waislamu walikuwa na msikiti wao Port Louis tangu 1805, pale palipoitwa Kambi ya Malaskari. Baadaye wafanyabiashara kutoka Gujarati wakaujenga ule msikiti mkubwa wa Ijumaa katikati ya mji, ulioanza katika miaka ya 1850 na ambao bado unasimama karibu na soko. Wachina nao wakaja na maduka yao.

Katika sensa ya mwaka 2011, Wahindu walikuwa karibu nusu ya watu wote, Wakatoliki zaidi ya robo, na Waislamu asilimia 17 hivi. Yaani Mwislamu wa Mauritius, kama sisi wa Burundi, anaishi akiwa wachache. Tofauti ni kwamba yeye amezungukwa na dini nyingi, kila moja na sikukuu yake rasmi. Mapumziko ya serikali ni siku 15 kwa mwaka. Kuna Cavadee ya Watamil, kuna mwaka mpya wa Kichina, kuna Maha Shivaratri, kuna Ougadi ya Watelugu, kuna Ganesh Chaturthi, Divali, Krismasi, na ndani yake Idi ya Kufungua Mfungo. Idi ya Kuchinja haimo, mfanyakazi anaiombea ruhusa. Hapo sisi Burundi tuna nafuu, Alhamdulillah, maana zote mbili ni mapumziko.

Kuna kitu kimoja katika orodha yao ya mapumziko ambacho kijana aliniletea picha yake na mimi nikacheka peke yangu. Sikukuu zote zina tarehe, lakini mbele ya Idi serikali imeandika kuwa tarehe hii itategemea kuonekana kwa mwezi. Kwa hiyo usiku wa 29 si Waislamu tu wanaongoja. Mwalimu wa Kihindu anangoja ajue kama kesho ana kipindi, Mchina mwenye duka anangoja ajue afungue au afunge, na Msikiti wa Ijumaa ukitangaza, nchi nzima inafuata. Sisi wenyewe kwa wenyewe bado tunagombana mwezi wa wapi ufuatwe! (Hilo nitaliandikia siku nyingine, tafadhali msianze kunitumia ujumbe.)

Nirudi kwa kijana wetu. Ramadhani ya 2024 ilimkuta kule, ikaanza katikati ya Machi, siku zile zile wanapoadhimisha uhuru wao. Daku lake lilikuwa mkate na maji, kwa sababu jiko alilokuwa anatumia liko ndani kwa bibi na hakutaka kumwamsha saa kumi usiku. Usiku wa nne au wa tano alipofungua mlango akakuta kwenye ngazi chupa ya chai ya maziwa, moto, na kikombe kimefunikwa. Usiku uliofuata tena. Kijana akanyamaza siku tatu bila kuigusa, akawa anaimwaga asubuhi na kurudisha chupa. Siku ya nne akanipigia. Akaniuliza: Ustadh, hii chai nayo niitupe?

Nilikaa kimya kwenye simu. Nikamwambia nitampigia baadaye. Nikaenda kwenye vitabu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Nitawaeleza nilichokikuta kwa ufupi, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Kwanza chai. Chai haina mjadala wowote. Si nyama, si ya sikukuu ya mtu, ni hisani ya jirani kwa jirani, na Mtume (SAW) alipokea zawadi na chakula kutoka kwa wasiokuwa Waislamu. Niliona aibu kwamba mtoto niliyemsomesha mimi hakuweza kujua hata hilo.

Pili, vile vitafunio vya Divali, ambapo ndipo penye swali lenyewe. Nilikuwa nikidhani kwamba kukataa kila kitu ndio ukali wa dini, na anayeruhusu kitu ni mlegevu. Basi nenda kwa Ibn Taymiyya, ambaye hakuna anayemwita mlegevu, katika kitabu chake cha Iqtidhaa, alichokiandika hasa kutukataza kujifananisha na sikukuu za wengine. Humo humo amenukuu kwamba mwanamke mmoja alimuuliza mama yetu Aisha (RA) kuhusu zawadi ambazo Majusi huwapa siku ya sikukuu yao. Majusi ni waabudu moto, si hata Watu wa Kitabu. Jibu lake lilikuwa kwamba kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo wasile, lakini matunda wale. Na Abu Barza (RA) naye jirani zake walikuwa Majusi wakimletea zawadi, akiwaambia watu wake wale matunda na kingine wakirudishe. Tazama alivyosema: wakirudishe, si wakitupe penye macho ya mwenyewe.

Kwa hiyo mpaka upo, tena uko wazi. Nyama waliyochinja wasiokuwa Watu wa Kitabu hatuli, siku ya sikukuu wala siku nyingine. Kilichotolewa mbele ya sanamu kama sadaka ya ibada hatuli, na hilo kule Mauritius lipo, wana chakula kinachotoka hekaluni ambacho Waislamu hukiepuka. Kwenda kushiriki katika ibada yenyewe hatuendi. Lakini kiazi kitamu na nazi, kilichokaangwa jikoni kwa mtu kwa ajili ya majirani wa mtaa mzima, si nyama na hakikuwekwa mbele ya sanamu. Ukishaka, uliza kwa upole. Na ukiona moyo wako bado hautulii, pokea kisha mpe mwingine asiyekuwa na shaka, au eleza kwa lugha nzuri kwamba dini yako inakuzuia. Nilimuuliza kijana kama hivi vilitoka hekaluni. Akaenda akauliza kwa Waislamu wenzake msikitini, akaambiwa hapana, hivi hukaangwa nyumbani na kugawiwa, na Waislamu wa mtaani karibu wote hula. Pia aliambiwa kwamba Wahindu wengi katika siku za Divali hawapiki nyama kabisa, kwa hiyo sahani ile ilikuwa salama kuliko alivyoidhani.

Tatu, kutoa. Hapo nilikuta kwamba hata lile neno langu la mpeleke ukipenda lilikuwa dogo. Abdullah bin Amr (RA) alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akauliza watu wake zaidi ya mara moja kama wamempelekea jirani yao Myahudi, kwa sababu alimsikia Mtume (SAW) akieleza jinsi Jibril alivyomsisitizia haki ya jirani. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Asmaa binti Abi Bakr (RA) mama yake alikuwa bado mshirikina alipomjia Madina, na Mtume (SAW) akamwamrisha amuunge. Na Suratul Mumtahina, sura ya 60 aya ya 8, inaweka wazi kwamba wema na uadilifu kwa asiyetupiga vita kwa ajili ya dini na asiyetutoa majumbani mwetu haukukatazwa. Wazazi, aya hiyo watoto wenu wanaihifadhi. Maana yake sikuwahi kuwafungulia.

(Kabla sijaulizwa: sahani si Zakatul Fitri. Ile ina watu wake na wakati wake kabla ya swala, usiihesabu kwenye pilau. Na nyama ya Udhhiya ina maneno mengine, wanazuoni wametofautiana, na madhehebu yetu ya Shafi ina ukali zaidi hapo. Makala hii ni ya Idi ya Kufungua.)

Basi nikampigia kijana nikamwambia unywe chai, na Idi ikifika umpelekee bibi sahani. Akafurahi sana. Akaniambia atapika pilau ya ng'ombe kama anayopika mama yake hapa Buyenzi, nyama ya kutosha, bibi ashangae.

Nikamwambia mashallah, pika!

Ndugu zangu, hapo ndipo ustadh wenu alipokosea mara ya tatu. Mimi sijawahi kuishi na Mhindu. Siku mbili kabla ya Idi kijana alikwenda kununua nyama na mzee mmoja wa pale msikitini, Mwislamu wa Mauritius, akamuuliza sherehe ya wapi. Kijana akaeleza. Mzee akashika kichwa. Ng'ombe? Kwa bibi wa Kihindu? Akamfahamisha kwamba kwa Mhindu ng'ombe haliwi, na kumpelekea ni kama yeye kuletewa nguruwe kwa tabasamu. Kisha akamwambia jambo ambalo mimi nisingelijua hata kwa vitabu vyangu vyote, kwamba wiki ile Wahindu wengi walikuwa katika siku zao tisa za kujizuia na nyama, kwa hiyo hata kuku asipeleke. Juzi yake tu ilikuwa Ougadi, tarehe 9 Aprili, na Idi ikaangukia tarehe 11, sikukuu mbili ndani ya wiki moja. Akamwambia apike tambi za maziwa, wao Waislamu wa kule nao hupika tambi Idi kama sisi, na atumie sufuria ambayo haijapikiwa nyama, na amwambie bibi hivyo, kwa sababu asipomwambia bibi atapokea kwa adabu na atabaki na mashaka.

Huyo mzee hakunukuu hadithi hata moja. Lakini nimefikiria sana maneno yake. Sisi tunataka jirani ajue kwamba hatuli nguruwe, kwamba nyama iwe ya halali, kwamba sufuria isiwe imepikiwa kitu, na akisahau tunakasirika. Je, sisi tunajua nini kuhusu yeye? Jirani yangu wa ukuta ni Msabato. Nimekaa naye miaka kumi na moja. Mwaka jana ndipo mke wangu alipogundua kwamba sambusa za ndagala tulizokuwa tunampelekea alikuwa anakula kwa furaha, lakini chai yetu ya rangi alikuwa anaimwaga, kwa kuwa Wasabato wengi hawanywi majani ya chai. Miaka kumi na moja!

Msije mkadhani nawachorea Mauritius kama pepo. Sivyo. Januari 1968, wiki chache kabla ya uhuru wao wa tarehe 12 Machi, Port Louis ilichafuka. Ugomvi wa magenge ya vijana ukageuka vita vya Waislamu na Wakrioli, zaidi ya watu 20 wakauawa, Waingereza wakaleta askari, na familia zikahama mitaa, Waislamu wakakusanyika Plaine Verte na Wakrioli wakakimbilia upande wao. Walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Februari 1999 tena, mwimbaji Kaya alipofia mikononi mwa polisi, nchi ikawaka siku kadhaa, safari hii Wakrioli na Wahindu. Rais wakati huo alikuwa Mwislamu, Cassam Uteem, na alitoka mwenyewe kuwasihi watu watulie. Hata leo siasa yao inahesabu nani ni wa kundi gani, katiba yenyewe inayataja makundi. Kwa hiyo sahani za Divali na za Idi zinazovuka ua kule hazipelekwi na watu wasiojua uadui ni nini.

Na sisi tunajua. Mimi nilikuwa na miaka 13 mwaka 1993. Wale wa rika langu wanakumbuka jinsi mitaa ya Bujumbura ilivyokuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine, huyu haingii hapa, yule haingii pale. Buyenzi haikugawanyika hivyo. Watu walikimbilia kwetu, Wahutu na Watutsi, Waislamu na Wakristo, na wengine walilala katika chumba tulichokuwa tunasomea Qur'ani. Wapo wanaotoa sababu nyingi za jambo hilo na mimi si mtu wa historia. Ninachokumbuka ni kwamba mama yangu, Allah amrehemu, usiku ule mlango ulipogongwa hakuuliza nani. Aliijua sauti. Ilikuwa ya mwanamke ambaye kila Noeli alikuwa akituletea ndizi na mikate, na kila Idi mimi ndiye niliyetumwa kwake na sahani, nikirudi naipata shilingi ya peremende, maana pale kwetu tulikuwa bado tunaita faranga shilingi. Mama hakusoma Iqtidhaa. Vile vikate tulivila.

Kisha nikakua, nikasoma, nikarudi na elimu, nikaanza kuwafundisha watoto wavitupe. Haya nayaandika kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nadhani sababu ni kwamba miaka ile ya mwanzo wa 2000 kaseti na vijitabu vilikuja vingi, vingine vizuri sana, na sisi walimu vijana tuliona kwamba wazee wetu walichanganya dini na mila. Mengine walichanganya kweli. Lakini tulivifagia vyote kwa fagio moja bila kuangalia kilicho na dalili na kisicho nayo, na hili la jirani lilikuwa na dalili.

Wapo wazazi watakaosema: Ustadh, ukifungua mlango huu, leo ni kiazi, kesho mtoto atataka mti wa Noeli sebuleni. Hofu hiyo naiheshimu, nami ninayo. Lakini tazameni hao Waislamu wa Mauritius. Wamekaa miaka mia mbili na zaidi katikati ya mahekalu na makanisa, wachache, na misikiti yao imejaa, madrasa zao za jioni zipo, mabinti wao wanajua twahara, na Idi yao inangojwa na serikali. Aliyepotea, na wapo waliopotea kama kila mahali, sijasikia kwamba alipotezwa na kiazi cha jirani. Mtoto anayejua kwa nini hali hiki na kwa nini anakula kile ana kinga. Yule anayejua neno moja tu, tupa, siku atakayokutana na mtu mwema asiyekuwa Mwislamu, ataanza kushuku si jibu tu bali mwalimu mzima. Kijana wangu alifika hapo. Aliniambia baadaye kwamba zile asubuhi tatu alizokuwa anamwaga chai alikuwa akijiuliza kama dini anayoijua ni ya kweli. Kwa ajili ya jibu langu fupi! Nilisikia baridi mgongoni.

Idi ikafika. Kijana aliswali asubuhi, akarudi Rose Hill, akapika tambi katika sufuria mpya aliyoinunua kwa pesa za nauli ya wiki. Anasema zilishikana kidogo chini. Akaenda mlango wa mbele, si wa jikoni, akampa bibi kwa mikono miwili, akamweleza habari ya sufuria. Bibi akamkaribisha, akala mbele yake, akamuuliza kama mama yake yupo hai na kama amempigia simu leo. Jioni sahani ikarudi na kichane cha ndizi, maana hata kule sahani hairudi tupu.

Kuhusu vile vitafunio vya pipani hakuna aliyesema kitu. Nilimshauri amwombe msamaha. Akajibu kwamba kila akijaribu ulimi unakuwa mzito, na anaogopa kwamba labda bibi hakuona vizuri na yeye ndiye atakayemfumbua macho. Divali ya 2024 alipoletewa sahani, aliila kwenye ngazi, mahali bibi anapomwona. Ni kijana, ataupata wakati wake wa kusema, inshallah. Anamaliza masomo mwaka huu.

Mimi upande wangu, Jumamosi iliyopita niliwakusanya watoto wa darasa la tatu na la nne nikawaambia kwamba jibu nililokuwa nawapa halikuwa sahihi, nikawasomea haya niliyowaandikia hapa. Mtoto mmoja akaniuliza kama kwa hiyo deni la vyakula vyote alivyovitupa ni langu au lake. Nikamwambia ni langu. Mzazi mmoja tayari ameniletea taarifa kwamba atamhamishia mwanawe madrasa nyingine, na mwingine amesema nimekuwa mlegevu kwa sababu ya umri. Mlango uko wazi. Vitabu nitaviweka juu ya meza, kurasa nimezitia alama, na Jumapili hii baada ya Alasiri nipo mpaka Magharibi. Yeyote mwenye dalili inayonivunja aje nayo, nitaisoma mbele yake, na ikinishinda nitaandika tena hapa hapa.

Wallahu a'alam.